Kuzunguka Ziwa Duluti kwa miguu na mzee mwenye goti bovu: mliopita naombeni mwongozo

MwalimuWaKindai

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri, hasa kwenu wa Arusha na Tengeru. Mwisho wa mwezi huu wa kumi na moja tunakuja huko kwenye sendofu ya mdogo wangu. Sherehe ni Jumamosi usiku, Usa River, na basi letu la kurudi Singida ni Jumatatu alfajiri. Jumapili nzima iko tupu. Shangazi zangu wameshapanga kulala. Baba yangu kasema yeye anataka kutembea.

Sasa mnielewe. Baba akisema kutembea hamaanishi kwenda dukani na kurudi. Alikuwa mtu wa reli, genge la matengenezo, upande wa Manyoni na Itigi. Miaka yote kazi yake ilikuwa kupita juu ya mataruma, nyundo begani, anatazama wapi pamelegea. Ana miaka 67 na goti la kulia limeanza kumgomea tangu mwaka juzi. Ngazi anapanda kwa kushika ukuta, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemkuta amelala.

Wa pili ni binti yangu, miaka tisa, darasa la nne. Huyu ni wa ndege. Kwetu Singida tuna bahati ya maziwa mawili yaliyo mjini kabisa, Singidani na Kindai, na heroe wakija unawahesabu ukiwa umekaa juu ya jiwe. Ana daftari la hesabu ambalo halina hesabu hata moja, ni ndege watupu. Shida yake ni nyoka. Anaogopa kiasi kwamba mkanda wa suruali ukidondoka sakafuni anapanda kitanda. Na msituni hajawahi kuingia, kwetu ni mawe na miiba, kitu kikija unakiona kikiwa mbali.

Nimesikia Duluti kuna njia ya kuzunguka ziwa ndani ya msitu, na kwamba si mbali na barabara ya Moshi. Je, mtu wa goti anaiweza? Inachukua muda gani? Kuna kiboko au mamba? Lazima kuwa na mwongozaji? Na huyu mtoto, nimwambie ukweli kuhusu nyoka au ninyamaze tu? Gari hatuna. Manyara nimeifikiria, ila kwa siku moja bila usafiri naona nitamaliza na mchango wa sendofu.

Natanguliza shukrani.

BodaWaLeganga

Mwalimu, swali la kwanza ni hili: mmetoka kwenye sendofu Usa River, Jumapili asubuhi nani ataamka? 😂

La pili ni la kikazi. Mkishuka Tengeru msipande boda ya kwanza inayowakimbilia. Tembeeni hatua ishirini, ulizeni bei kwa wawili watatu. Na mzee asipakiwe mshikaki na mtoto. Njia ya kushukia ziwani, vuli ikinyesha, ina makorongo. Chukueni boda mbili, mtafika na meno yote.

KahawaChungu

Karibu mwalimu, na mzee mpe shikamoo yangu. Nimezaliwa Tengeru, nimekulia kwenye migomba ya bibi, nusu saa kwa miguu kutoka hilo ziwa. Nimelizunguka nikiwa mtoto wa kuokota kuni, nimelizunguka nikiwa kijana nampeleka mchumba akaone maji, na sasa nalizunguka kwa sababu daktari kasema sukari. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, usinikatie maksi.

Ziwa lenyewe limekaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Unashuka kutoka juu, halafu njia inafuata maji chini ya miti. Ukishafika chini hakuna mlima wa kukutoa roho. Adui wa goti pale ni mizizi. Mikuyu imetandaza mizizi juu ya ardhi, imenyanyuka kama mishipa ya mkono wa mkulima, na ikinyesha usiku inateleza kuliko sabuni. Kuna mahali mti umelala njiani, inabidi uuvuke au uiname. Mtu wa kawaida anamaliza mzunguko kwa saa moja na nusu, akisimamasimama saa mbili. Mtu wa ndege hamalizi. Mzee abebe fimbo ya kweli, asije na mwavuli wa kuegemea. Mwavuli utapinda, halafu mkiufungua furukombe anahama upande wa pili wa ziwa.

Saa ya kwenda: kadiri mnavyowahi ndivyo mnavyofaidi. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi ndipo ziwa linapozungumza. Saa nne wanaanza kuja watu na redio. Tuma mtu siku moja kabla aulize geti linafunguliwa saa ngapi, usije ukasimama nje unasikiliza ndege wa kuhadithiwa.

Malipo: ule msitu ni hifadhi, uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Unapewa kontroo namba unalipia kwenye simu. Hakikisha simu ina salio na chaji. Mwongozaji nakushauri umchukue hapo getini, siyo barabarani. Njia huwezi kuipotea, maji yako upande mmoja, mlima upande mwingine. Ila macho yenu ya Singida yamezoea ndege aliyesimama mahali peupe. Msituni ndege unamwona kwa sikio kwanza. Utakaa dakika kumi unatazama majani, huoni kitu, mwenzako anakushika kidevu anakugeuza, kumbe hondohondo sita wako juu ya kichwa chako wanakula kuyu.

Kiboko na mamba: katika miaka hamsini na ushee sijawahi kuona hata unyayo wake. Kenge wapo, wakubwa, urefu wa mtoto wako. Ukimkaribia anajirusha majini kwa kishindo cha gogo, na hapo ndipo watu wanapiga kelele kuwa wameona mamba. Mchana kima wanapita juu ya miti, kwa hiyo ndizi zikae ndani ya begi. Perege wamo, na wavuvi wa ndoano utawakuta.

Nyoka: mwambie mtoto ukweli. Wapo. Mimi nimewaona pale mara nne tu maishani, na mara zote nne walikuwa wanaondoka. Atakayewasumbua Novemba si nyoka, ni siafu. Suruali ziingie ndani ya soksi, na mkisimama kutazama ndege, kwanza tazameni mnaposimama. Nimeshamwona mzungu mmoja akivua suruali mbele ya mama mkwe wake.

Maji ya ziwani msinawe miguu, hata yakiwavutia. Yametulia, yana matete, yana konokono. Kichocho hakibishi hodi.

Halafu jambo moja ambalo hukuuliza. Mzee akichoka ziwani na bado ana hamu ya kuona kitu, upande wa chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 Waingereza walianza kuleta hapa watu waliokuwa wametolewa Poland na kupelekwa Siberia na Warusi, wakapitia Uajemi, wakaishia Tengeru. Walifika kama 5,000, wengi wao kina mama na watoto, wakakaa mpaka miaka ya hamsini mwanzoni. Bibi yangu aliwauzia ndizi na maziwa, na mpaka anakufa alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi Kipolandi. Makaburi yako kama 150, yametunzwa vizuri. Nimeleta habari hii kwa sababu ukikaa kando ya ziwa utajiuliza watu waliotoka kwenye theluji waliona nini walipoangalia haya maji kwa mara ya kwanza. Mimi hujiuliza.

Mdudu_wa_Ngaramtoni

KahawaChungu umemaliza yote ila umesahau kumwambia kuhusu kina. Mwalimu, mtoto asisogelee kingo kabisa, lile ziwa halina mwisho. Wanaotembeza wageni wanasema mita 700. Na linaungana chini kwa chini na bahari.

PimaMaji

Mita 700? Ndugu yangu. Ziwa Tanganyika lenyewe, ambalo ni la pili kwa kina duniani, lina mita 1,470. Unataka kuniambia kidimbwi cha kilomita za mraba zisizofika hata moja kina karibu nusu ya Tanganyika?

Watafiti walishaenda pale na mitumbwi, wakachimba tope la chini kusoma historia ya mvua na ukame wa zamani. Walikuta kina cha mita 9 au karibu na hapo. Kinachowachanganya watu ni kwamba hakuna mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka. Ziwa linalishwa na mvua na maji ya chini ya ardhi yanayotoka upande wa Meru. Kwa hiyo "chini kwa chini" uko sahihi nusu. Bahari iache ilipo.

Na mita 9 zinatosha kabisa kumzamisha mtu, mtoto asisogelee kingo hata hivyo.

KahawaChungu

@PimaMaji, mimi bibi aliniambia halina mwisho na kwamba chini kuna mama anayeshika miguu ya watoto. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye bwawa la hoteli. Sasa wewe na mita zako tisa ungenizuia?

JiraniWaNaivasha

Salamu kutoka Kenya, mwalimu. Duluti nilipita mara moja nikielekea Moshi, nikatembea kipande tu, nikaipenda kwa sababu moja: hakuna kiboko. Nyinyi hamjui raha mliyo nayo.

Hapa kwetu Naivasha tuna mahali pazuri sana pa kutembea, Crescent Island. Jina linasema kisiwa, ingawa maji yakishuka huwa ni rasi; ni ukingo wa volkano ya kale uliobaki juu ya maji. Unatembea kwa miguu katikati ya twiga, punda milia, kuro na swala, hakuna simba wa kukuwazisha. Lakini ni mbuga wazi, nyasi fupi, ndege unawaona wazi kama kwenu Singida. Na pembeni kabisa ya maji pana mwenyewe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likaingia katika nyumba za watu mtaa wa Kihoto, na viboko wakaja pamoja na maji. Tangu hapo mimi saa kumi na moja jioni siko ufuoni, hata furukombe akishika samaki wa dhahabu. Kiboko majini anaonekana kama jiwe. Ubaya ni akiwa nchi kavu na wewe umesimama kati yake na maji.

Ushauri wangu ni kuhusu darubini. Msiende watatu na darubini moja halafu mtoto awe wa mwisho. Ndege hangoji foleni. Mpe mtoto darubini ashike yeye, nyinyi wakubwa muombe.

Ngurdoto77

Kama mzee ana mguu mzuri mngeenda Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Kule unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na maziwa yana magadi, heroe wako tele. Lakini umesema heroe mnao nyumbani na gari hamna. Basi Duluti. Sina la kuongeza, nimeandika tu kwa sababu natoka Ngurdoto na tunasahaulika.

MwalimuWaKindai

Asanteni sana jamani. KahawaChungu shikamoo, na mzee kasema marahaba, kisha kaomba nimsomee tena ile sehemu ya Wapolandi. Nimemwambia mtoto ukweli kuhusu nyoka kama ulivyosema. Kauliza: "Mara nne kwa miaka hamsini ni mara ngapi kwa saa mbili?" Nimemwambia hiyo ndiyo hesabu ya kwanza itakayoingia kwenye daftari lake.

Nitaleta mrejesho.

MwalimuWaKindai

Wakuu, tumerudi Singida jana usiku. Mrejesho niliouahidi huu hapa, samahani ni mrefu, niko kwenye zamu ya kusimamia mitihani na hakuna anayeibia.

BodaWaLeganga, tuliamka. Siyo saa kumi na moja kama tulivyopanga, lakini saa kumi na mbili kasoro tulikuwa barabarani tunangoja daladala, mimi nikiwa bado na hina mkononi na kichwa kinacheza taarabu. Usiku kulinyesha. Baba alivaa viatu vyake vya reli, vile vyenye chuma mbele, na alikuwa amekata fimbo ya mpera nyuma ya ukumbi wakati watu wanacheza muziki. Sijui alimwomba nani ruhusa.

Tengeru tuliposhuka akatufuata kijana mmoja, nguo safi, ana kitabu mkononi. Akasema kiingilio cha ziwa kinalipiwa kwake, taslimu, kule chini hawapokei. Mimi usingizi ulikuwa bado machoni, nikafungua pochi. Baba akanishika mkono. Akamuuliza yule kijana: "Tiketi iko wapi?" Kijana akasema tiketi ni kule kule chini. Baba akasema: "Basi na pesa ni kule kule chini. Mimi nimefanya kazi reli, abiria bila tiketi tulimshusha Saranda." Kijana akacheka, tukacheka, tukaachana vizuri. Kule getini ni kontroo namba kweli, mtandao ukasumbua kidogo, ukakubali mara ya tatu.

Tulipata mwongozaji, dada mdogo wa makamo ya wanafunzi wangu wa zamani, mpole, ana macho ya ajabu. Nikampa masharti mawili: tutakwenda kwa mwendo wa goti, na nyoka asitajwe mpaka aonekane.

Kushuka ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Baba alishuka kwa ubavu, fimbo mbele, mguu mzima kwanza. Alipofika chini hakusema kitu, lakini niliona mdomo ulivyokuwa umebana. Nikajua mzunguko haupo. Kilichobaki ilikuwa kumfanya yeye ndiye aseme.

Sasa msitu. KahawaChungu uliniambia kuhusu kuona kwa sikio, nikadhani ni maneno ya watu wa kahawa. Kwetu Kindai unafika, unaona, unahesabu. Hapa tulisimama chini ya miti kijani tupu, giza la kijani, matone yanadondoka shingoni, na makelele pande zote bila mwenye nayo. Binti yangu alikasirika. Alishika darubini (nilimpa yeye, asante JiraniWaNaivasha) akaizungusha huku na huku, akasema: "Mama, huku ndege wamejificha makusudi."

Ndipo ikaja sauti juu yetu. Fuu, fuu, fuu, nzito, inakaribia. Mimi nilishtuka. Baba akasimama, fimbo ikabaki hewani, akasema: "Injini ya mvuke hiyo." Mwongozaji akasema ni hondohondo, mabawa yake yanapiga hewa. Baba akasema anajua ni ndege, lakini hiyo ni injini ya mvuke inayopanda kutoka Saranda kwenda Manyoni, imebeba mzigo. Alizisikia alipoanza kazi, kabla hazijaondolewa. Walipita watatu, weusi, midomo kama ndizi mzuzu. Akasubiri wengine. Walikuja wawili. Akasubiri tena.

Hapo mbele kidogo kuna gogo kubwa limelala karibu na maji, na mbele yake matawi yameachana, ziwa linaonekana lote. Baba akakaa. Akasema anakaa dakika tano. Nilitazama saa tulipoondoka pale: zilikuwa zimepita saa moja na dakika arobaini.

Kwa hiyo jibu la swali langu mwenyewe: sijui kama mtu wa goti anaweza kulizunguka Duluti. Sisi hatukulizunguka. Sidhani kama tulifika hata theluthi.

Lakini hilo gogo! Upande wa kulia kulikuwa na mti mkavu umeinamia maji, juu yake mnandi wanne wamefungua mabawa wanakauka, kama mashati ya bwenini. Binti akauliza kwa nini ndege wa maji alowane. Dada akamweleza kwamba manyoya yake yanakubali maji, siyo kama ya bata, na ndiyo maana anazama vizuri kufuata samaki, gharama yake ni kuja kukauka. Mdiria mweusi kwa mweupe alikuwa anasimama hewani palepale, mabawa yanatetemeka, halafu anadondoka kama jiwe. Baba alianza kumhesabia: mara kumi na moja alidondoka, samaki alipata wawili. Alisema angekuwa kwenye genge lake angemwandikia barua ya onyo.

Furukombe hatukumwona akishika samaki. Tulimsikia tu, wawili wakijibizana, mmoja upande wetu, mmoja ng'ambo. Ile sauti binti yangu anaijua kutoka kwenye televisheni na alidhani imewekwa na watengeneza filamu.

Halafu tukio. Binti ghafla akanipanda. Siyo kunishika, kunipanda, magoti kwenye mbavu. Kwenye maji mbele yetu kulikuwa na nyoka anaogelea, shingo juu, nyembamba, imejikunja kidogo, kichwa chembamba kinageuka huku na huku. Mwili hauonekani. Baba akasimama na fimbo, goti limesahaulika. Mimi nikawaza mara nne kwa miaka hamsini, na hii ndiyo ya tano. Dada mwongozaji hakusogea hata kidogo. Akamwambia mtoto, taratibu: "Chukua darubini, niambie nyoka huyo ana nini usoni."

Ilichukua muda kumshusha. Akatazama. Kimya. Halafu kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Ana mdomo."

Ni ndege, wakuu. Anaitwa mbizi. Anaogelea mwili wote ukiwa ndani ya maji, shingo tu ndiyo iko nje. Baadaye alipanda kwenye ule mti mkavu na kufungua mabawa kama wale mnandi, mkubwa kuliko wao, na binti yangu akamtazama kwa hasira ya mtu aliyetapeliwa. Kwenye daftari kaandika: "Mbizi. Siyo nyoka. Nilimwona kwanza mimi."

Nyoka wa kweli hatukuona. Kenge tulimwona mmoja, alikuwa amelala juu ya mzizi mita chache kutoka lile gogo muda wote tuliokaa, na hakuna aliyemwona mpaka alipoamua kuondoka. Kishindo ni kama ulivyosema. Siafu walimpata mwongozaji, siyo sisi.

Mvua ilianza saa nne, tukapanda juu. Kupanda baba alifanya vizuri kuliko kushuka, alisema goti lake ni la kupandia. Makaburini tulifika, kwa boda, tukiwa tumelowa. Baba alipita safu moja moja anasoma miaka. Majina yalimshinda lakini miaka aliisoma kwa sauti. Kwenye kaburi moja la mtoto alisimama, akaweka fimbo chini, akavua kofia kwenye mvua. Sikumuuliza.

Fimbo ya mpera imekuja Singida, iko nyuma ya mlango.

Nina swali moja limebaki, ni la binti, kaniagiza nililete. Juu kabisa, karibu na geti, kwenye matete ya pembeni, kulikuwa na ndege wengi wadogo wa njano wanasuka viota. Kaandika hivi: "Njano yote. Kifuani chini kama amemwagiwa chai ya rangi. Hana nyeusi usoni." Mwongozaji alikuwa ameshatuaga. Kwetu kwera wa njano tunao, lakini wana barakoa nyeusi. Huyu ni nani?

KahawaChungu

Mwalimu, nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimemsomea mke wangu.

Mwambie binti huyo ni kwera Taveta. Kwera wengi wa njano dume wana nyeusi usoni, huyu hana, na hiyo chai ya rangi kifuani ndiyo kitambulisho chake. Dunia nzima anapatikana huku kwetu tu, kaskazini mwa Tanzania na ng'ambo kidogo ya mpaka, upande wa Taveta. Wazungu wanapanda ndege kuja kumwona. Sisi tulikuwa tunamrushia mawe kwa sababu ya mtama wa bibi.

Amwandike kwa kalamu ya wino.